Kinyozi Aliyejifanya Mlevi

Mlevi kujifanya mzima ni jambo la kila siku, na wengi wetu tuna mjomba wa namna hiyo. Kinyozi wetu alifanya kinyume. Alikuwa mzima kabisa, akajifanya mlevi, tena kwa bidii ambayo angeitia kwenye kazi leo angekuwa na vibanda vitatu. Kidogo tu ndoa imfie mikononi. Msicheke bado, cheko lina wakati wake.

Mtaani walikuwa wakimwita Taratibu, kwa sababu ya neno alilomwambia kila mteja anayejitikisa kitini: "Taratibu, mzee wangu, wembe hauna macho." Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja cha barabarani. Ndani kulikuwa na kiti cha kuzunguka kisichozunguka tena, kioo chenye ufa, picha za mitindo ya nywele ambayo hakuna aliyewahi kuiomba, na chupa ya spiriti ya kupaka shingoni baada ya kunyoa. Mlangoni, chini ya bati la kivuli, alikaa fundi viatu. Hakuwa ndugu yake wala mshirika wake, ila habari za Taratibu alizijua kuliko Taratibu mwenyewe, na zile asizozijua alizishona papo hapo.

Kunywa alikuwa anakunywa, tusimpake mafuta. Alianza kwa ajili ya usingizi. Baada ya kumzika mama yake, moyo ulianza kumwenda mbio bila kufukuzwa na mtu, mara kitini anaponyoa, mara mezani anapokula, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Glasi moja iliutuliza. Halafu ikawa mbili, halafu akaacha kuhesabu, na dawa ikageuka ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mtaa ulimsamehe. Mtaa wetu una huruma sana kwa mlevi. Mlevi ana wimbo wake, ana mzaha wake, akianguka mfereji unamjua. "Anakunywa, ndiyo," fundi viatu alikuwa akiwaambia wateja, "lakini mkono wake haulewi. Mpe shingo yako ulale."

Mkono ulilewa. Asubuhi moja mzee mmoja alimpa shingo, akalala kweli, na Taratibu akaona uzi mwembamba wa damu ukitokeza chini ya sikio. Kidonda kidogo, cha kupaka spiriti na kusahau. Mzee hakuamka hata. Lakini Taratibu aliuona wembe ulivyokuwa umbali wa unywele tu kutoka mahali pabaya, akauweka chini, akatoka nyuma ya kibanda akatapika. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo hakuogopa kufa kwake yeye, aliogopa shingo za watu.

Kumwambia mkewe, hapana. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mpiga pasi kwa dobi mkubwa wa karibu na soko, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito wa pasi. Taratibu alishamwapia mara kadhaa kwamba ameacha, na kila mara yule mama alifurahi waziwazi, akampigia simu kaka yake, akawaambia mabinti zao pacha kwamba baba amerudi. Kisha baba anaondoka tena. Ahadi nyingine? Aliona aibu. Alijisemea: safari hii nitapona kwanza, ndipo niseme.

Akaanza kutafuta matibabu kwa kunyatia, kama mtu anayetafuta mke wa pili.

Kwanza alipiga simu kwenye nyumba ya kuwatuliza walevi, ile iliyo nje ya mji, yenye bango la bustani na watu waliovaa nguo nyeupe wakinusa maua. Dada mwenye sauti laini akamtajia ada ya mwezi. Taratibu akamshukuru, akakata simu, akacheka mpaka akakaa chini. Kwa ada ile mtu angeacha pombe hata bila kutibiwa, maana hela ya kuinunulia asingebaki nayo. Halafu akaenda kwa muuza mizizi aliyeapa kwamba dawa yake inamfanya mtu aichukie pombe. Taratibu akaionja, akaipenda sana, akaomba chupa nyingine. Mizizi ilikuwa imelowekwa ndani ya pombe kali.

Mwisho akasikia redioni, huku akimnyoa mtu, kwamba kituo cha afya cha mtaa kina huduma ya akili na ulevi kila Alhamisi mchana. Dawa zipo, kikundi cha kuzungumza kipo, na hakuna malipo. Karibu akikate kichwa cha mteja kwa furaha. Kituo chenyewe kilikuwa barabara ya pili kutoka kwake!

Hakuna malipo, walisema. Walisahau kutaja benchi.

Benchi hilo lilikuwa la buluu, limewekwa barazani mwa kituo, limeelekea barabarani. Mwenye kidonda alikaa ndani, mwenye mimba alikaa ndani, lakini wa Alhamisi walikaa nje kwenye lile benchi wakingoja kuitwa, na nusu ya mji ilipita hapo ikitoka sokoni. Aliyeonekana hapo mara moja, kazi kwisha. "Waya zimegusana huyo," fundi viatu alikuwa akisema. Na tufikirie kama kinyozi: mlevi anayeshika wembe ana wateja, tumeshaona. Lakini nani atampa koo lake mtu wa benchi la buluu? Kwa hiyo bei ilikuwepo. Taratibu aliipima akaona afadhali ya ile nyumba ya maua.

Alipita mbele ya kituo, akarudi, akapita tena. Hatimaye akazunguka nyuma, kwenye mlango wa chumba cha kufulia mashuka, akagonga. Nesi wa Alhamisi ndiye aliyefungua. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, uso wa mtu asiyeshtuka.

"Mimi nina ndugu yangu," Taratibu akaanza, "ana tatizo la kunywa, na moyo unamwenda mbio..."

"Ndugu yako naye ni kinyozi?" Nesi akauliza, akitazama nywele zilizomganda kwenye mikono ya shati.

Taratibu akaanza kuzikung'uta.

"Pita," Nesi akasema. "Kinyozi hajinyoi. Hilo nikufundishe mimi au unifundishe wewe?"

Akapita katikati ya mashuka yaliyoanikwa, na kabla hajakaa akataka kiapo. Ataingilia mlango wa mashuka tu. Na Nesi asimjue popote, si sokoni, si njiani.

"Hata mke wangu akija kuuliza, hunijui."

"Hata ukija naye wewe mwenyewe?"

"Hata nikija naye mimi mwenyewe."

Nesi akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Haya. Usije ukanilaumu."

Basi tiba ikaanza, na ilikuwa tiba kweli. Vidonge vya kumshusha taratibu, kwa jina lake. Kikundi cha watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakisema mambo ambayo Taratibu alidhani ni yake peke yake duniani. Mwanzoni alitetemeka, akatoka jasho, akamwota mama yake. Siku moja alisimulia habari ya ule uzi wa damu, akalia kama mtoto, na mama mmoja muuza mkaa akampa kitambaa cheusi cha kufutia machozi, akatoka na uso wa masizi. Pombe ikaanza kuondoka mwilini mwake. Usingizi ukarudi wenyewe bila kuitwa.

Sasa kisa cha kujifanya. Alhamisi ya kwanza alirudi kazini, akamwaga spiriti kwenye kola kwa bahati mbaya akisafisha mashine, akafika nyumbani kachelewa, macho mekundu kwa kulia. Mama Pacha akamtazama, akamnusa, hakuuliza neno. Taratibu akashusha pumzi: kumbe! Mlevi haulizwi alikokuwa! Kuanzia hapo akaifanya desturi. Akifunga kibanda anamwambia fundi viatu, "Nakwenda kulainisha koo," fundi viatu anacheka, mtaa unaridhika. Jioni anajipaka spiriti kwenye kola, anajirudia nyumbani akiyumba, na wimbo juu.

Kuyumba si kazi rahisi kwa mtu mzima, msidhani. Mlevi hafikirii aangukie upande gani, Taratibu ilimbidi afikirie. Aliyumba akikwepa madimbwi. Aliimba beti zote kwa mpangilio, bila kuruka hata moja, yeye ambaye zamani hakuvuka kiitikio. Alipoingia sebuleni aliangukia kiti, kila siku kiti kilekile, chenye mto. Halafu anavua viatu, anavipanga sambamba chini ya meza, anajiona mwigizaji mkubwa.

Na haya yote mbele ya nani? Mbele ya mwanamke ambaye kazi yake ni kola za wanaume. Kutwa nzima Mama Pacha alishika mashati ya watu, akajua huyu kamwaga chai, huyu kakumbatiwa na mtu mwenye poda, huyu kalewa bia, huyu kalewa kitu kibaya zaidi. Taratibu alikuwa amesahau hilo. Wanaume tunasahau kazi za wake zetu, tunakumbuka chakula.

Mama Pacha akazidi kunyamaza. Zamani alikuwa akigomba, na Taratibu aliuchukia ule ugomvi. Sasa aliutamani. Kila Alhamisi alijiapia: leo nasema. Kila Alhamisi alisikia fundi viatu akimchambua mtu fulani aliyeonekana benchini, na ulimi ukarudi ndani.

Jumatano moja akakuta masanduku sebuleni. Mabinti walikuwa wamevaa viatu vya safari, hawamtazami. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kile kiti chenye mto.

"Kaka anakuja kesho kutuchukua," akasema. "Nimechoka, Baba Pacha."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

Kaka mtu alifika kesho yake mchana na pikapu ya kazini. Alikuwa mtunza ghala la nafaka, jitu la shingo nene, aliyezoea kutoamini gunia mpaka alidunge bambo kuona kilichomo. Taratibu alikuwa amefunga kibanda, amekaa anamngoja. Hakuyumba. Hakupaka chochote.

"Shemeji," akasema, "pombe niliacha. Siku nyingi sasa."

"Juzi majirani wamekusikia ukiimba."

"Nilikuwa naigiza."

Kaka mtu akamgeukia dada yake, akamrudia tena. "Unaigiza ulevi?"

"Ndiyo."

"Mtu mzima na ndevu zako?"

"Ili watu wasijue kwamba naenda kutibiwa ulevi."

Pacha mmoja akacheka, akafinywa na mwenzake. Maskini Taratibu, maisha yake yote hakuwahi kusema ukweli ulionyooka namna ile, na hakuwahi kusikika mlevi kuliko wakati ule.

"Hata uongo una mipaka, shemeji," kaka mtu akasema, akainama kubeba sanduku.

"Twendeni kituoni!" Taratibu akapiga kelele. "Leo ni Alhamisi. Nesi yupo. Muulizeni yeye!"

Kaka mtu alitaka kukataa, lakini Mama Pacha alikuwa ameshasimama. Wakapanda pikapu wakaenda, ijapokuwa kwa miguu ni karibu zaidi. Nesi alikuwa barazani na faili zake, anaita watu wa benchi.

"Nesi," Taratibu akasema akihema, "huyu ni mke wangu, huyu shemeji yangu. Waambie."

"Niwaambie nini, bwana?"

"Kwamba natibiwa hapa!"

Nesi akavaa miwani yake polepole. "Mimi na wewe tumeonana wapi?"

Kaka mtu akatoa sauti puani. Mama Pacha akafumba macho, na Taratibu akaona kidevu chake kikitetemeka, kidevu ambacho hakikuwahi kutetemeka hata wakati wa ulevi mbaya kabisa. Akaelewa kwamba mkewe alikuwa amekuja na tumaini dogo mahali fulani, na sasa linazimika mbele ya macho yake.

"Nesi, nakuomba! Lile neno nimelifuta."

"Neno gani? Mtu akiniapisha nisimjue, simjui. La sivyo nani angekuja hapa?" Nesi akageukia faili zake. "Ila wagonjwa wangu wa Alhamisi hawajifichi. Hukaa pale." Akaelekeza kwa kidevu. "Wewe pale sijawahi kukuona."

Benchi lilikuwa limejaa nusu. Mbele yake barabara ilikuwa na watu wa sokoni, vikapu kichwani, na katikati yao, kama aliyetumwa, fundi viatu alikuwa anarudi na ngozi yake mpya kwapani. Alikuwa ameshaona pikapu na kupunguza mwendo. Taratibu akakumbuka kiti chake kisichozunguka, akakumbuka kodi ya kibanda, akaona wateja wakigeuza njia mmoja mmoja. Moyo ukaanza zile mbio zake za zamani. Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshaanza kurudi garini.

Akaenda akakaa.

Ubao ulikuwa wa moto kwa jua. Muuza mkaa, ambaye hakuwa na siri na mtu, akamsogelea akasema kwa sauti ya sokoni, "Taratibu! Leo umepitia mbele! Hongera, baba!" Barabara nzima ikageuka. Ngozi ya fundi viatu ikaanguka chini.

Mama Pacha akasimama. Akarudi mpaka mbele ya benchi, kivuli chake kikamfunika mumewe.

"Kila Alhamisi ulikuwa hapa?"

"Huko nyuma, kwa mlango wa mashuka."

"Na ile spiriti kwenye kola?"

Taratibu akashtuka. "Ulijua kwamba ni spiriti?"

"Mimi napiga pasi, Baba Pacha. Pombe naijua. Nilijua hujalewa tangu wiki ya kwanza. Mlevi gani anapanga viatu?" Sauti ikamkatika. "Mume mzima anakuja nyumbani anajifanya kalewa ili asiulizwe alikokuwa. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini? Nilijua una mwanamke. Mlevi nilishamzoea, ningezeeka naye. Nilikuwa naondoka kwa sababu hunywi!"

Taratibu akavitazama viatu vyake. Miezi yote ile ya kuyumba, madimbwi yote yale, beti zote zile.

"Nilitaka nipone kwanza," akasema mwishowe. "Nilikuapia mara nyingi. Niliona aibu."

Mama Pacha akajifuta uso kwa upande wa khanga, akatazama barabara, akamtazama fundi viatu mpaka yule akaokota ngozi yake.

"Sogea," akamwambia mumewe.

Akasogea, naye akakaa.

Ningetaka kuwaambia kwamba mji ulipiga makofi. Mji ulipiga domo. Kufika jioni, benchi lilikuwa limeingia kila nyumba, na kesho yake kiti cha Taratibu kilikaa kitupu kutwa, na kesho yake tena. Waliomwachia koo zao akiwa chapombe sasa waliogopa kwa sababu anatibiwa. Mwalimu mkuu alipita na nywele zake ndefu akitazama juu, kana kwamba kuna ndege. Yule mzee wa uzi wa damu naye alipeleka kichwa kwingine, na Taratibu hakumlaumu. Fundi viatu aliendelea kukaa mlangoni, bati ni bati, ila alisogeza kigoda chake karibu na barabara kidogo. Nyumbani masanduku yalikuwa yamefunguliwa, pacha walikuwa wakishindana kuigiza baba anavyoigiza, na Mama Pacha alikuwa anagomba tena, jambo lililomfariji mumewe kuliko vidonge. Lakini kodi hailipwi kwa kugombezwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata pikapu ikasimama mbele ya kibanda. Kaka mtu akashuka, akainama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, akakaa kwenye kiti, kiti kikalia.

"Ndevu," akasema.

"Kwa mashine, shemeji?"

"Mashine ya nini? Una wembe, huna?"

Taratibu akamfunga shuka shingoni. Akapaka povu. Akaweka wembe mpya, akauinua, akasimama. Moyo ukapiga mara moja kwa nguvu. Nje fundi viatu alikuwa ameacha kugonga msumari, na watu wawili watatu walikuwa wamesimama wakijifanya wanangoja viatu.

Kaka mtu, asiyeamini gunia mpaka alidunge, akalaza kichwa nyuma mpaka koo lote likawa wazi, nene, likipanda na kushuka. Akafumba macho.

"Nina safari, shemeji," akasema. "Usinikawize."

"Taratibu," kinyozi akasema, na alijiambia mwenyewe.

Akanyoa. Akapita chini ya kidevu, akapita pale penye mshipa, akapita chini ya sikio. Hakuna kilichotokeza isipokuwa ngozi. Alipomaliza, machozi yalikuwa yakimtoka, akayafuta kwa bega ili mikono ibaki kwenye kazi. Akamimina spiriti kiganjani, akampaka shingo nzima, na shemeji akaruka kwa mwasho.

"Ala! Hii ndiyo ile harufu yenyewe?"

"Ndiyo hii."

Kaka mtu akajinusa, akatikisa kichwa, akalipa kama mteja mwingine yeyote, akatoka. Nje mmoja wa wale wangoja viatu alikuwa ameshaanza kujishikashika ndevu. Nasikia jioni ile, mtunza ghala alipofika kwake, mkewe alimpokea mlangoni, akamnusa kola, akamwuliza amelewa wapi.